Je, Wajua? Nuru Inavyopapasa Bila Mkono

Je, wajua kwamba fundi wa gereji anayenyoosha bodi za magari ana kipimo kilekile kinachotumika kwenye viwanda vikubwa, ila chake hakina kompyuta? Mtazame akishamaliza puti na msasa, na rangi ya mwisho imekauka. Anachuchumaa ubavuni mwa gari, anafumba jicho moja, anatazama taa ndefu ya mrija iliyoning'inia darini. Haitazami taa yenyewe. Anatazama sura yake ndani ya rangi. Mstari ukipita umenyooka, bodi iko sawa. Ukijikunja, pale pana bonde. Juzi nilipapasa mlango wa gari dogo nikaapa kwamba hauna tatizo. Fundi akanivuta shati, akaniinamisha hadi usawa wa kitasa. Mstari wa taa ulikuwa umevunjika mara mbili, kama fimbo iliyotumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Kiganja changu hakikuwa kimesikia kitu.

Viwandani wamechukua ujanja huohuo. Badala ya mrija kuna skrini kubwa yenye milia myeusi na myeupe, badala ya jicho kuna kamera. Kompyuta inasoma jinsi milia inavyopinda kwenye rangi na kuchora ramani ya vilima na mabonde ya boneti nzima.

Je, wajua kwa nini wasiguse tu? Njia ya zamani ya kupima ulaini wa uso ni kuburuta ncha ya almasi juu yake, kama sindano juu ya santuri. Kwenye chuma kigumu inafaa sana. Kwenye plastiki laini inaacha mchirizi, na mwisho wake unapima kovu ulilolitia mwenyewe.

Kuna watu waliopima bila kugusa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Galileo Galilei, katika kitabu alichokichapisha Venice mwaka 1610, alieleza vidoa vya mwanga alivyoviona upande wa giza wa Mwezi, karibu na mpaka wa usiku na mchana. Vilikuwa vilele vya milima vilivyopigwa na jua kabla ya mabonde yake, kama Kibo kinavyowaka alfajiri wakati mji wa Moshi bado uko gizani. Akakadiria umbali kutoka kilele hadi mpaka ule, akapiga hesabu ya pembetatu, akapata milima ya zaidi ya maili 4 za Kitaliano za wakati huo. Mpelelezi anayelaza tochi sakafuni kutafuta alama ya kiatu anafanya jambo lilelile: mwanga wa ubavuni hurefusha kivuli, na kivuli kinapimika.

Wengine walifika huko kwa woga. Mwaka 1858 msanifu majengo kijana wa Prussia, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kwa mkono kuta za kanisa kuu la Wetzlar, akaponea chupuchupu kuanguka kutoka juu. Akajiuliza kwa nini mtu ahatarishe shingo wakati picha inaweza kupimwa mezani, akiwa ameketi na chai yake (chai nimeiongeza mimi). Ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la fotogrametria, na mwaka 1885 serikali ya Prussia ikamfungulia taasisi ya kupiga picha majengo ya thamani. Kanuni yake ni ile ya macho yako mawili: kitu kikipigwa picha kutoka sehemu mbili zinazojulikana, tofauti ya picha hizo inakupa umbali.

Miaka michache baada ya kisa cha Wetzlar, mjini Paris, François Willème aliwasimamisha wateja katikati ya chumba cha duara chenye kamera 24 na kuwapiga picha kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Mafundi wakafuatisha mistari ya kila picha kwa mkono wa kuchongea, na mteja akarudi nyumbani na sanamu yake ndogo. Miaka ya 1860, msomaji, kabla ya kompyuta yoyote.

Je, wajua kwamba dimbwi lenye mafuta kwenye kituo cha daladala ni chombo cha maabara? Yale mapete ya zambarau, kijani na dhahabu hayatokani na rangi yoyote iliyomo kwenye dizeli. Nuru inagonga juu ya utando wa mafuta na kurudi. Nyingine inapenya, inagonga maji chini yake, nayo inarudi ikiwa imechelewa kidogo. Zikikutana, mawimbi mengine yanajazana nguvu na mengine yanauana. Rangi ipi itabaki inategemea unene wa utando pale ulipoangalia. Dimbwi zima, basi, ni ramani ya unene, na vipimo vyake ni sehemu za elfu za milimita.

Mafundi wa lenzi wameligeuza jambo hilo kuwa kazi ya kila siku. Wanalaza kioo wanachokisugua juu ya kioo cha mfano, chini ya taa ya rangi moja. Inajitokeza milia. Ikinyooka na kulingana, kioo ni bapa. Ikijipinda, kazi bado. Kutoka mlia mmoja hadi unaofuata, mwanya kati ya vioo umebadilika kwa nusu ya wimbi la mwanga. Kwa taa ya kijani ni kama nanomita 275. Unywele wa kichwani una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Kifaa kinachofanya hivyo bila vioo kugusana kinaitwa interferomita. Albert Michelson, Mmarekani, alikitengeneza mwaka 1881 kwa kazi nyingine kabisa, na mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel. Jamaa wa kifaa hicho, mwenye mikono miwili ya kilomita 4 kila mmoja, ndiye aliyenasa mawimbi ya mvutano tarehe 14 Septemba 2015 kule Marekani. Mabadiliko aliyoyapima yalikuwa madogo mno kuliko upana wa protoni. Hapo hata mimi huacha kutafuta mfano.

Kama huna interferomita, tafuta wembe. Mwaka 1858 Mfaransa Léon Foucault alionyesha kwamba ukiweka nukta ya mwanga mbele ya kioo cha darubini, kisha ukaukata mwanga unaorudi kwa makali ya kisu pale unapokusanyika, makosa ya kioo yanajitokeza kama vivuli vya milima. Watu wanaojitengenezea darubini nyumbani wanaitumia njia hiyo hadi leo. Kioo kinachokaribia umbo zuri huonekana kama kitumbua kilichobonyezwa kidole katikati.

Sasa tukae kidogo hapa, maana kisa hiki hakisimuliwi kwa haraka.

Je, wajua kwamba kosa la kioo cha darubini ya anga ya Hubble lilianzia kwenye kipande cha rangi kilichobanduka? Kioo hicho cha mita 2.4 kilisuguliwa Danbury, Connecticut, na kilitoka laini ajabu. Kilikuwa na dosari moja tu: umbo lake halikuwa lile lililotakiwa. Ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa mikromita 2.2, kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Darubini ilirushwa Aprili 1990. Picha za kwanza zilipofika, nyota zilikuwa na ukungu kuzizunguka.

Waliosugua hawakuzembea kupima. Walipima usiku na mchana, bila kugusa, kwa nuru. Kifaa chao kilikuwa na vioo viwili vidogo na lenzi moja, na kazi yake ilikuwa kuipinda nuru kiasi kwamba kioo kikiwa sahihi, milia itanyooka. Lakini kifaa hicho nacho ilibidi kipangwe. Umbali wa lenzi ulipimwa kwa fimbo ya aloi isiyotanuka kwa joto, na mwali wa mwanga ulitakiwa ugonge ncha ya fimbo kupitia tundu dogo la kofia iliyovikwa juu yake. Kofia ilipakwa rangi isiyorudisha mwanga ili isichanganye mtu. Rangi ikabanduka kidogo kando ya tundu. Mwali ukagonga kofia, fundi akadhani umegonga fimbo. Lenzi ikatakiwa ishushwe kuliko nafasi iliyokuwepo, na badala ya kushtuka, mafundi wakaweka washa ili ifike. Ikakaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Kuanzia hapo kila kipimo kilitoka kizuri, na kila kizuri kilikuwa uongo.

Kinachoniuma mimi si rangi. Rangi hubanduka. Kinachoniuma ni kwamba vifaa vingine viwili, vya kawaida zaidi, vilionyesha wazi kuwa kuna kosa. Vikapuuzwa, kwa hoja kwamba kile kikubwa ndicho sahihi zaidi. Mtoto mdogo wa darasani alisema jibu si hilo, akaambiwa anyamaze kwa sababu kaka mkubwa ameshajibu.

Dawa ilipelekwa Desemba 1993. Wanaanga waliingiza humo kamera mpya na kisanduku cha vioo vidogo vilivyopindwa makusudi kinyume cha kosa. Kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa limetengenezwa kwa uangalifu mkubwa mno, kulirekebisha kuliwezekana kwa uangalifu huohuo. Miwani, kwa lugha ya duka la mtaani.

Darubini iliyofuata, James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, ina kioo cha vipande 18 vya berili vilivyopakwa dhahabu. Huko iliko ni baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, na metali ikipoa hujikunja. Kwa hiyo vipande vilipozwa kwenye chumba kikubwa kisicho na hewa huko Huntsville, Alabama, vikapimwa kwa nuru vikiwa na baridi hiyo, vikarudishwa kusuguliwa vikiwa na joto la kawaida, kwa makosa yaliyokusudiwa, ili vikifika kwenye baridi vinyooke.

Tupumue kwa mafupi.

Je, wajua kwamba kuna tufe la silikoni lenye uzito wa kilo 1 na kipenyo cha karibu milimita 94, lililo duara kiasi kwamba ukilikuza lifike ukubwa wa Dunia, tofauti ya kilima kirefu na bonde refu ingekuwa mita chache tu? Limepimwa kwa mawimbi ya mwanga pande zote, na lilisaidia kuandaa maana mpya ya kilogramu iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2019.

Je, wajua kwamba katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde nuru inasafiri sentimita 30, urefu wa rula ya shule? Skana za leza hutuma mwali, zikahesabu muda hadi urudi, zikarudia hivyo maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde.

Na simu? Ile iPhone X iliyotoka mwaka 2017 hutupa usoni mwako zaidi ya vidoa 30,000 vya mwanga usioonekana. Pua inavisukuma kidogo upande mmoja, shavu kiasi kingine. Ndiyo maana picha yako ya pasipoti haiifungui.

Ukitaka kuona milia bila mashine, kunja chandarua mara mbili na ukitazame dhidi ya dirisha. Matundu ya tabaka la mbele na la nyuma hayalingani, yanatoa mawimbi makubwa yanayotambaa kila ukivuta kitambaa. Mjapani H. Takasaki alichapisha mwaka 1970 namna ya kutumia mawimbi hayo kupima mwili wa mtu: unapitisha mwanga kwenye wavu wa nyuzi, kivuli chake kinaanguka mgongoni, nawe unamtazama kupitia wavu uleule. Mgongo unajichora mistari kama ile ya ramani ya milima. Japani walikuja kuitumia kuchunguza watoto wa shule wenye uti wa mgongo uliopinda. Mistari ya kushoto na kulia isipolingana, mtoto anapelekwa kwa daktari.

Jicho lenyewe, kifaa cha kuonea, ni gumu kupima kwa sababu huwezi kulipapasa na mwenyewe akatulia. Mwaka 1880 daktari wa Porto, António Plácido da Costa, alitengeneza kisahani chenye duara nyeusi na nyeupe na tundu katikati. Alikiweka mbele ya mgonjwa na kutazama jinsi duara zile zinavyoakisiwa juu ya konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Konea nzuri inarudisha duara. Iliyoanza kuchongoka inarudisha yai. Ukienda leo kliniki ya macho ukaweka kidevu kwenye kibao, ukaambiwa utazame katikati ya mapete ya mwanga na usipepese, ni kisahani kilekile, ila sasa kimeunganishwa na kompyuta. Kwangu mtaalamu alirudia mara tatu, kwa sababu kila akisema "usipepese" ndipo ninapopepesa. Bodi ya gari na konea ya jicho, kumbe, vinapimwa kwa ujanja mmoja wa mrija wa gereji.

Madaktari wa meno nao walichoka na ule uji wa kuchukulia chapa unaokufanya utapike. Mwaka 1985, huko Zurich, mgonjwa wa kwanza alizibwa jino kwa kipande kilichochongwa na mashine baada ya kamera ndogo kupima shimo mdomoni.

Lakini usidhani nuru haidanganyiki. Vitu vitatu huisumbua: kinachong'aa sana, kilicho cheusi sana, na kinachopitisha mwanga. Mafundi wa skana hukipulizia kitu cha aina hiyo vumbi jeupe jepesi. Siku hizi lipo linaloyeyukia hewani lenyewe baada ya saa chache, usihitaji hata kitambaa.

Marumaru ndiyo mjanja kuliko yote. Mwaka 1999 timu ya Chuo Kikuu cha Stanford ikiongozwa na Marc Levoy ilifanya kazi usiku, watalii wakishaondoka, ikipitisha mstari wa leza juu ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo mjini Florence. Walikusanya umbo lenye vipande bapa bilioni 2, kwa undani wa robo milimita, ukaonyesha hadi mikwaruzo ya patasi. Wakagundua kwamba leza haikuishia juu ya jiwe: ilizama kidogo ndani, ikasambaa kati ya chembe za marumaru na kutia ukungu kwenye kipimo. Waligundua na jambo la aibu kidogo. Vitabu vya historia ya sanaa vilikuwa vikiandika kwamba Daudi ana kimo cha sentimita 434. Leza ikasema 517. Karibu mita nzima ilikuwa imepotea vitabuni, kwenye mojawapo ya sanamu zinazotazamwa zaidi duniani, na kila mmoja alikuwa akimnakili mwenzake.

Huko Paris, mwaka 2010, mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alilizunguka kanisa la Notre-Dame kwa skana ya leza kutoka zaidi ya sehemu 50, akapata zaidi ya nukta bilioni moja. Alifariki Novemba 2018. Paa likaungua Aprili 2019.

Pwani yetu haikuachwa. Chuo Kikuu cha Cape Town kina mradi ulioanzishwa na Heinz Rüther, na jina lake ni la Kiswahili: Zamani. Watu wake walipeleka skana Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, wakapima kuta za matumbawe, kuba na matao ya msikiti mkuu. Ukuta wa matumbawe ni adui wa futi ya kamba. Hauna kona iliyonyooka wala uso ulio bapa, kila jiwe limetokeza kivyake, na bahari inauramba. Nuru haijali, inarudi na umbali wa kila kitundu.

Na nyayo. Kule Ileret, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, kuna alama za miguu za miaka milioni 1.5. Zilipigwa skani kwa leza, na mwaka 2009 watafiti wakatangaza kwamba dole gumba la waliozikanyaga limelala sambamba na vidole vingine, kama lako.

Laetoli, nchini Tanzania, ni kisa kirefu zaidi, na kinaanza kwa mavi ya tembo. Mwaka 1976 Andrew Hill alikuwa akikwepa mavi makavu ambayo wanasayansi wenzake walikuwa wakirushiana kwa mchezo, akaanguka, akajikuta ana kwa ana na alama za wanyama kwenye jivu la volkeno lililogeuka jiwe. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ikapata za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, miaka milioni 3.66 iliyopita, njia nzima ina urefu wa kama mita 27. Jivu lile ni laini. Ukilimwagia mpira wa kuchukulia chapa, kila ukibandua unaondoka na chembe. Nyayo zikafukiwa mwaka 1979. Mchanga wa kufukia ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota juu yake, mizizi ikaanza kushuka kuelekea jivuni. Katikati ya miaka ya 1990 ikabidi zifunuliwe, miti iondolewe, zipimwe kwa picha, kisha zifukiwe upya kwa ustadi zaidi.

Halafu, kati ya 2014 na 2015, wakati wa kuchimba mashimo ya majaribio mahali palipopangwa kujengwa jumba la makumbusho, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wakakuta nyayo nyingine, mita 150 tu kusini mwa zile za kwanza. Safari hii kamera ndiyo iliyotangulia. Picha nyingi zilizopishana, kompyuta ikatafuta kokoto ileile katika kila picha, ikajenga umbo zima la shimo bila kidole kugusa jivu. Kutokana na urefu wa wayo na hatua, wakamkadiria mmoja wa watembezi hao, aliyepewa jina S1, kuwa na kimo cha kama sentimita 165.

Nimesimama kwenye fremu ya mlango na penseli kichwani kujilinganisha naye. Amenizidi sentimita mbili.